Kesho Sitakubeba

Shivachi mwanangu,

Umelala na mguu mmoja juu ya paja langu, na karatasi nimeiweka juu ya sinia kwenye paja la pili, kwa hivyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka kama njia ya kule Juu, lawama ni ya mguu wako. Sitausogeza. Kesho hautakuwepo wa kusogezwa.

Sitaandika unakula nini wala unalala vipi. Nyanya yako amekwisha kuwaeleza wale watu hayo yote, kwamba hupendi uji wenye utando na kwamba ukinyamaza sana uko karibu kuvunja kitu. Wakisahau utawakumbusha, mdomo unao. Mimi nina mengine. Na kabla sijayasema, usije ukasoma hii ukiwa mkubwa ukafikiri karatasi iliroa machozi. Kama imeroa, ni paa linavuja. Mimi nimekasirika.

Mtoto wa jirani alipoenda kuishi kwa mjomba wake Mautuma, tulimsindikiza hadi stendi, mama yake akamfungia mahindi ya kuchemsha, tukapunga mikono. Hiyo ni safari. Wewe unaenda wapi? Ukisimama mlangoni petu ukainua uso, nyumba yenyewe ndiyo ile, vigae vyekundu juu ya kilima na tangi la maji nyuma yake. Jogoo wao akiwika, sisi tunaamka. Mtu mwenye afya anapanda kile kilima na kushuka kabla chai yake haijapoa. Na bado ilibidi vikao, na wazee kukohoa, na kuku wangu kuchinjwa, ili upelekwe mahali ambapo nyanya yako hufika kila asubuhi na karai la mboga kichwani.

Ninakuandikia kwa Kiswahili. Shuleni wamenifundisha lugha mbili, na nyumbani tunaongea Kiluhya. Kwa Kiingereza nilimwandikia baba yako, ukurasa mbele na nyuma, hakujibu. Kwa Kiluhya wamenipangia maisha nikiwa nimekaa papo hapo. Kiswahili bado hakijanikosea.

Na ninaandika kwa sababu kusema siwezi. Hilo unalijua, ingawa hujui kwamba unalijua. Mtu akipiga hodi, wewe ndiye unayeitika, mimi najificha jikoni. Mwalimu aliwahi kusoma insha yangu mbele ya darasa, nikainama chini ya dawati nikijifanya natafuta kifutio, nikakaa huko hadi kengele. Watu husema, "Rasoa ana adabu sana." Wananisifu hivyo tangu utoto, na mimi nikadhani ni sifa.

Kilima nilikijua mapema. Nyanya yako alipougua mgongo, nilimpokea karai: mrenda, kunde, lisutsa, nikapita nyumba hadi nyumba kwa mlango wa jikoni, maana mboga haziingii kwa mlango wa mbele. Katika nyumba ya vigae alikuwako kijana aliyemaliza shule, anangoja matokeo. Siku moja mvua ilinikuta kwenye ua wao wa miiba ya kayaba, akatoka na mwavuli. Akaniuliza jina. Nikatazama miguu yangu. Akasema, "Basi nitakuita Mrenda, mpaka unipe lingine." Nikacheka, na kwa mtu kama mimi, anayekuchekesha amekwisha kuingia ndani ya nyumba. Mengine utayajua ukiwa na ndevu. Alipata nafasi ya chuo huko India, akaenda. Alijua. Nilimwambia uko tumboni kabla hajapanda ndege, akasema, "Tutaona." Sijui aliona nini.

Usimchukie kwa ajili yangu. Hiyo kazi nitaifanya mwenyewe, ninaiweza.

Nyanya yako alinipandisha kule Juu tumbo likiwa limeshaonekana. Mama mwenye nyumba hakufungua geti. Aliongea kupitia matundu yake, nikawa namwona vipande vipande, jicho, hereni, jicho. "Mtoto wangu amekulia shule ya bweni. Mama mboga, nimekuwa nikinunua kwako kwa roho safi. Usiniletee mambo." Nyanya akanigeukia, "Sema basi, wewe ndiye unajua." Nikatazama miguu yangu. Tukashuka.

Halafu ukazaliwa, na ukalia.

Sijui nikueleze vipi kilio chako. Hukulia kama mtoto mwenye njaa, ulilia kama mtu aliyedhulumiwa. Daktari wa zahanati alitupa dawa ya tumbo, mchungaji akaombea, na majirani wakasema, "Huyo mpelekeni Ilesi, akapokezane zamu na lile jiwe linalolia." Nyanya yako alijua la kufanya. Kwetu mtoto anayelia hivyo anadai jina. Kuna mtu wa zamani anayetaka kurudi kupitia kwake, na ukimtaja huyo, mtoto hunyamaza. Kwa hivyo alikushika juu ya magoti akaanza kuwataja wafu wetu. Alimtaja baba yake. Ukalia. Akamtaja kaka yake aliyekufa shambani Lugari. Ukalia. Akaingia upande wa babu yako, akawataja hadi wale ambao hakuwapenda, na babu yako akasema kutoka kitandani, "Huyo mlevi usimwite, atakuja kweli!" Ukalia zaidi.

Mwisho nyanya akafuta jasho. "Rasoa, sisi wafu wetu tumewamaliza. Huyu analilia watu wa kwao. Vaa viatu."

Hapa ndipo kosa langu la kwanza linapoanzia. Nilivaa viatu.

Nilikufunga mgongoni, mawingu yakiwa yameshabeba maji kama kawaida ya Kakamega mchana. Tulivuka karavati, tukapita kinu cha posho, tukaanza kupanda. Kijana wa boda boda alikuwa ameshuka, anasukuma baiskeli yake kama wote wanavyofanya pale, akatuambia, "Mama, leta huyo dada nimbebe." Nyanya yako hakupunguza mwendo. "Baiskeli yenyewe unaibeba wewe, huyo utambebea wapi?" Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nasikia tu kilio chako kwenye uti wa mgongo.

Getini mama mwenye nyumba akaja tena, jicho, hereni. Alikuwa ameshafungua mdomo kutufukuza, ndipo sauti ikatoka nyuma ya nyumba: "Nani huyo analia kama mtu wangu?" Alikuwa bibi mzee, mama yake mwenye nyumba mwanamume. Amekaa juani, anachambua maharagwe. Kukhu, yaani nyanya. Wewe unamjua, ndiye anayekupa ndizi. Akasema, "Leteni." Mama mwenye nyumba akasema, "Mama, hao ni watu wa mboga." Kukhu akajibu, "Na wewe unakulanga nini? Leta mtoto."

Akakupakata. Akamtaja shemeji yake, ukalia. Akamtaja mkwewe, ukalia. Akatazama huku na huku kama mwizi. Mwanamke wa rika lake halitaji jina la mumewe. Ameishi naye, amemzalia, amemzika, na hakuwahi kulitoa jina lile mdomoni mwake. Alikuinamia sikioni, akalisema polepole: "Shivachi."

Ulipiga chafya. Kisha ukanyamaza. Ukamtazama.

"Ehe!" Kukhu akapiga kelele, meno yake machache yote nje. "Wewe mzee! Umekuja bila hodi, na mimi sijapika!"

Mwanangu, nilishuka kile kilima nikikimbia. Mvua ilitupiga, nyanya ananiita nyuma, "Utaanguka na mtoto!" na wewe mgongoni kimya kama mzigo wa pamba. Nilicheka njia nzima. Nilidhani tumewaibia kitu wale watu. Kumbe nilikuwa nimepeleka shingo yangu mwenyewe nikaifungia kamba, na ncha ya kamba nikaiacha kule Juu, mkononi mwa bibi mzee anayekupenda.

Maana Kukhu aliamini. Alishuka na fimbo yake kila juma, akigonga mlango, "Mume wangu amekula?" Ulipoanza kutembea alikukaripia, "Shivachi, hata safari hii bado unanikimbia!" Sote tulicheka, hata mimi. Na miguu yake ilipokataa kushuka, akakataa kula. Alimwambia mwanawe, "Siwezi kutafuna hapa kwenye meza, na mwenye nyumba yuko bondeni anavuta moshi wa koroboi." Mwanawe ni ofisa mkubwa, watu wazima husimama akipita. Lakini mama akisukuma sahani, ofisa hutetemeka kama mtu yeyote. Anaogopa akifa amenuna, laana itabaki na nyumba. Ndiyo sababu wakaja. Hawakuja kwa sababu yako. Nyumba nzima inakutaka kwa sababu ya tumbo la bibi mmoja, na bibi huyo ni mzee, na sitaki kuandika ninachofikiri juu ya siku ambayo hatakuwepo. Nimekwisha kukiandika.

Walikuja Jumamosi. Tuliazima viti. Nyanya yako akachinja kuku wangu, yule wa madoa niliyemlea tangu kifaranga, na firigisi akapewa ofisa kama desturi inavyotaka kwa mgeni wa heshima. Nilimtazama akiitafuna. Nikasema moyoni, huyu amekula firigisi ya kuku wangu, sasa anataka mtoto wangu, na bado anaomba chumvi.

Aliongea vizuri, siwezi kusema uongo. Shule yenye sare, kitanda chako peke yako, stima ya kusomea. Shangazi yangu, ambaye sisi humwita senge, alikuwa amekuja kutoka Lumakanda kwa ajili ya kikao. Yeye hana haya na mtu. Akasema, "Kwangu kuna nafasi. Nipeni msichana na mtoto wake, wote. Kule kwetu kwenye mashamba ya masetla watu wametoka kila mahali, hakuna anayeuliza wewe ni wa ukoo gani."

Babu yako akaweka mfupa chini. "Na shamba? Huyu ni mvulana. Kesho atataka kujenga simba yake, kibanda cha kijana. Ataijenga wapi, kwa kichwa yangu? Mwana wa binti hana ardhi kwa babu yake. Mimi sikuweka hiyo sheria."

Na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu hakusema uongo. Ndugu zangu ni watatu na shamba letu ni kama leso. Ukibaki hapa utakuwa mgeni hadi uzee. Kule Juu una ardhi, kwa jina la mtu aliyekufa. Ningeweza kupigana na mtu mbaya. Nitapiganaje na mtu anayesema kweli huku anachokonoa meno?

Senge akasema, "Basi mwulizeni mwenye mtoto. Rasoa, wewe unasemaje?"

Chumba kizima kikanigeukia. Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema: mpeni ardhi yake kule, na mniachie yeye hapa hadi akue, kwani ardhi inakimbia? Ni maneno machache, hata wewe ungeyasema. Yalifika hapa, kooni. Nikatazama mifupa kwenye sahani.

Mzee mmoja akasema, "Amenyamaza. Amekubali." Wote wakashusha pumzi. Ndivyo kwetu, msichana akinyamaza amejibu. Na wewe ukaingia kutoka nje na vumbi hadi nyusi, ukapita katikati ya wazee wote, ukamwambia nyanya yako, "Mama, nipe mfupa," na mimi ukaniambia, "Rasoa, songa." Ofisa akacheka. "Hata hamwiti mama," akasema.

Unaniita Rasoa kwa sababu nyumba nzima inaniita Rasoa. Nilikuwa na haya ya kukusahihisha. Nilijiambia atajua mwenyewe.

Kwa hivyo, kama kuna kitu cha kukuachia, ni hiki: usirithi adabu yangu. Wakikuuliza swali, hata kama umejaza wali mdomoni, tema, ujibu. Wasipokuuliza, kohoa. Kukhu akikuita mume wake, mwache, anafurahi, na ndiye peke yake aliyekupokea ukiwa unalia. Mama mwenye nyumba akitaka umwite Mummy, utaamua mwenyewe. Lakini kama hutaki, usitazame miguu yako. Miguu haijawahi kumjibia mtu.

Jumamosi hiyo hiyo, wageni wakiwa wamekwisha kwenda, askari wa getini kwao alishuka na ujumbe. Alisimama mlangoni na rungu lake, akamsalimu babu yako. "Mzee anasema, Jumamosi ijayo asubuhi ataleta gari, ile Pijo. Mtoto awe amevaa."

"Sawa," babu yako akasema.

"Gari lisije," sauti ikasema. "Atatembea."

Babu yako akageuka. "Nani amesema?"

Mimi pia niligeuka kutafuta. Halafu nikajua. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Ni mimi nimesema. Atapanda kwa miguu yake."

Askari alimtazama babu, akanitazama, akakuna kichwa kwa rungu. "Sasa nimwambie mzee nini?"

"Umwambie mama yake amesema."

Babu yako alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema tu, "Haya. Atembee. Kwani ni mbali?" Naye akawa amenyamaza, kwa hivyo amekubali. Ndiyo sheria yao.

Tangu siku hiyo tumepanda kila jioni, wewe na mimi, na najua umenichukia kidogo. Kwenye karavati nilikuacha urushe jiwe majini. Kwenye kinu cha posho ulipiga chafya ya unga. Lakini pale kwenye mwamba, njia inaposimama kama ukuta, ulikaa chini ukanyoosha mikono, "Rasoa, nibebe," na mimi nikasema hapana. Ukalia. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni wakasimama. "Mama gani huyu? Mtoto mdogo hivyo!" Sikuwajibu, lakini pia sikutazama miguu yangu. Nikakaa kando yako kwenye mwamba hadi ulipomaliza. Ukajifuta kamasi kwa sketi yangu, ukasimama, ukapanda. Juu kabisa, pale lami inapoanza, unagusa ua wa kayaba, unachomwa na mwiba, unautukana kwa Kiluhya, tunageuka.

Ungepelekwa kwa Pijo, ungeona viti na kichwa cha dereva. Ungeshuka ndani ya geti, na kilima kingekuwa kitu kinachoonekana dirishani. Mimi nilikubeba mgongoni siku ile ya jina, ukiwa hujui ulikotoka wala ulikofika, tazama kilichotokea. Mtu aliyebebwa hajui njia.

Nami nitakuja. Shule ninarudi, lakini jioni nikitoka nitapanda, bila karai, na nitasimama kwenye geti la mbele na kugonga hadi jicho na hereni zifike. Nikishindwa kusema siku ya kwanza, nitagonga ya pili.

Sasa nikuambie la leo, halafu nilale.

Leo tulipogeuka pale kwenye ua, nilikuacha utangulie kushuka. Nikajificha nyuma ya kayaba, kisha nikakufuata mbali, kando ya mitaro. Hukugeuka hata mara moja. Ulishuka mwambani kwa makalio. Ulifika kwenye kinu cha posho, pale njia inapogawanyika, moja sokoni na moja kwetu, ukasimama. Kijana wa boda boda akakuuliza, "Mzee, unaenda wapi?" Sikusikia ulichomjibu, ila alicheka akakupisha. Ukashika njia ya kwetu. Ukavuka karavati, ukakumbuka jiwe lako, ukarudi, ukalirusha, ukaenda.

Nilipofika mlangoni nilikuta umeshakaa kizingitini, na nyanya yako amekushika mabega, ameshtuka, anauliza, "Rasoa yuko wapi? Umemwacha wapi?"

Nawe ukamjibu, kwa sauti kubwa, bila haya hata kidogo:

"Rasoa amepotea. Mimi najua kwetu."

Basi. Kesho sitakubeba.

Ni mimi, hata ukiniita Rasoa,
Mama yako.